Besi Yenye Makovu ya Besi Nyingine

Nilimwomba fundi gitaa la besi lenye sura mbaya. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa utaratibu, kama nilivyofikiria kila jambo mwaka ule, na sura mbaya ndiyo niliyoiona kuwa salama.

Mwaka ule askari waliokuwa hawalipwi walitoka kambini wakavunja maduka ya Lubumbashi, na raia wakaingia nyuma yao kumalizia kilichobaki. Tuliiita pilaje. Baada yake vizuizi vya askari vilijaa kila barabara. Ukipita na kitu kinachong'aa, kinabaki hapo. Niliona redio ikibaki, nikaona viatu vya bwana harusi vikibaki, na mama mmoja akinyang'anywa sufuria mpya kisha akaambiwa ashukuru kwa kuwa amerudishiwa kifuniko.

Kampuni niliyoifanyia kazi, katika karakana ya umeme, ilikuwa imeacha kutulipa. Baadaye ikaacha hata kutudanganya kwamba italipa. Shule yangu ilikuwa fupi. Umeme nilijifundisha katika vitabu vya Kifaransa vilivyotupwa na ofisi, na muziki nilijifundisha vilevile, kwa kitabu kimoja cha mazoezi, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka. Baba yangu alikuwa mtu wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga, na kwake kazi iliyorukwa hatua moja ilikuwa ajali. Jumapili nilipigia kwaya ya parokia besi. Jumamosi nilikodiwa kwenye harusi na matanga. Lakini besi ile ilikuwa mali ya parokia, nayo iliondoka siku ya pilaje pamoja na viti na vitambaa vya altare. Nikabaki na vidole tu. Nisipopata gitaa la besi, watoto wangu hawali bukari, ugali wetu. Hesabu ilikuwa fupi hivyo.

Fundi aliishi Kampemba, nyuma ya soko. Alitengeneza vitanda, na mwaka ule majeneza, lakini orkestra zote za mtaa zilimjua kwa vyombo vyao vilivyovunjika. Tangu zamani alikuwa pia akiunda magitaa yake mwenyewe, moja moja, kwa anayeagiza. Alikuwa wa rika la kaka yangu mkubwa. Nilimpelekea baiskeli yangu, na kipima-umeme changu ambacho alikuwa akikitamani kwa ajili ya kuzungusha waya wa sumaku, zile zinazosikiliza nyuzi.

"Mubaya?" aliuliza. "Weye, muteknisien, unaleta baiskeli muzima juu nikutengenezee kintu mubaya?"

"Mubaya ya macho, mukubwa. Sauti iwe muzuri."

"Bamama ba harusi batakucheka."

"Bacheke. Sitaki tu askari aipende."

Akacheka, akapuliza unga wa mbao kwenye randa yake. "Mubaya, sijue kutengeneza. Ya zamani, njo naweza."

Ningepaswa kusimama hapo na kuuliza tofauti. Sikuuliza, kwa sababu nilidhani hakuna.

Mti ulikuwa mulombwa, ule mti mwekundu ambao nusu ya milango na vitanda vya mji huu vimetoka kwake. Ubao wake ulikuwa umeshuka na lori kutoka Kasomeno kabla barabara haijaharibika kabisa, kwa ajili ya kitanda cha maharusi ambao hawakurudi kukichukua. Nilikwenda karibu kila alasiri kumtazama. Alikata mwili wa besi, akachonga shingo, akapiga vyuma vya shingo kimoja kimoja akivisawazisha kwa tupa mpaka kucha yangu haikukwama popote. Mpaka hapo ilikuwa kazi safi. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilitamani kumwambia aache hivyo hivyo.

Kisha akaanza kuizeesha. Alipaka vanishi, akaianika kwenye jua la saa sita, akaifunika kwa gunia lililoloweshwa maji ya kisima, na vanishi ikapasuka mistari myembamba kama uso wa tope lililokauka. Aliitundika juu ya mbabula, jiko la makaa, mkewe akipika sombe, majani ya muhogo, ili moshi wa makaa uingie ndani ya mistari ile. Skrubu na vigingi vya kukazia nyuzi alivifungia ndani ya kopo pamoja na asidi ya betri, navyo vikatoka na kutu ya kijani. Halafu akachukua msasa, mnyororo, funguo na sigara iliyowashwa. Na hapa ndipo alipofanya kazi yake kwa namna yake mwenyewe. Hakukwaruza ovyo. Kabla ya kila kovu alifunga macho, kama mtu anayekumbuka njia ya kwenda kwenye nyumba fulani, kisha akapiga mara moja.

Siku aliyonikabidhi alinieleza. Kovu la kubuni, alisema, linaonekana kuwa la kubuni. Hata mtoto analiona. Kwa hiyo yeye hubuni mwili, lakini makovu huyanakili kutoka chombo cha kweli. Kwa besi yangu alichagua besi ya baa moja ya hapo Kampemba, besi ya Ulaya ambayo alikuwa ameitengeneza miaka mingi, kila ilipovunjika.

"Hapa, sigara ya mupigaji wa kwanza," alisema, akinishika kidole na kukipeleka mahali pa kuungua. "Hapa, mukanda ya ule wa pili, alikuwa na tumbo. Hapa, chupa. Ile siku balipigana juu ya mwanamuke. Hii yote niliibeba mu kichwa."

Nilifurahi. Nilidhani ni sanaa tu.

Na mwanzoni mpango wangu ulifanya kazi barabara. Kwenye kizuizi cha kwanza, nikienda kwenye matanga, askari aliinua kitambaa nilichoifunikia, akaitazama besi kisha akanitazama mimi. "Papa," akasema, "hii gitare iko na njaa kupita weye. Pita." Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, nikapita. Nilipita hivyo mara nyingi. Watoto walikula. Nilijiona mwenye akili.

Kisha ikatoka amri kwamba mali iliyoporwa irudishwe kwa wenyewe. Waliopewa kuitafuta ni askari. Walewale. Niliandika sentensi hizo tatu mara kadhaa nikitafuta namna ya kuzipunguza ukali, nimeshindwa, naziacha. Walipita mtaa wetu wa Hewa Bora nyumba kwa nyumba wakiongozwa na shefu, yaani mkuu, wa barabara yetu, mtu ambaye mimi mwenyewe nilimwona akibeba friji mgongoni siku ya pilaje, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mmoja wa askari alikuwa na saa mkononi yenye kijikaratasi cha bei bado kikining'inia.

"Fakitire iko wapi?" akauliza mwenye saa, akitaka risiti ya duka, besi yangu ikiwa mikononi mwake.

"Fundi wa Kampemba njo alitengeneza, shefu. Fundi anaandikaka fakitire?"

"Fundi wa Kampemba? Angalia vile inazeeka. Hii iko kintu ya bazungu."

"Iko mupya, shefu. Haijamaliza ata masika moja."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. "Mupya!" akasema mwenye saa. "Basi na miye nilizaliwa jana." Nilimgeukia shefu wa barabara. Alikuwa amenisikia nikifanya mazoezi tangu siku ya kwanza, na alijua ilikotoka. Alitazama juu, akatafuta kitu kwenye bati la nyumba yangu.

Wakaondoka nayo. Niliambiwa niende kwenye ghala siku ambayo wenye mali watakuja kutambua vitu vyao.

Ghala lilikuwa la unga zamani. Sasa lilijaa vitanda, feni, mashine za kushona, milango iliyong'olewa pamoja na fremu zake. Afisa alikuwa ameketi kwenye kiti cha ngozi chenye magurudumu, na sikuhitaji kuuliza kilikotoka. Besi yangu ilikuwa imeegemezwa kwenye friji. Nilianza kumweleza afisa habari yangu kwa mpangilio nilioutayarisha nyumbani: mti, fundi, baiskeli, majirani wa kushuhudia. Sikuwa nimefika kwenye baiskeli alipoingia mwenye baa ile ya Kampemba.

Alikuwa mtu wa Kivu Kaskazini, mfanyabiashara wa jumla, Mkristo wa kutajwa kanisani, mwenye malori yaliyofanya kazi kwenye barabara ya Kasenga. Baa yake ilikuwa imetolewa kila kitu mpaka nyaya za ukutani. Alipita kati ya vitu polepole, akitikisa kichwa, mpaka alipofika kwenye friji. Akasimama. Akachuchumaa kwa shida, maana alikuwa mzito, akaweka kidole palipoungua na sigara, kisha palipokwaruzwa na mkanda, kisha kwenye shimo la chupa. Aliyafuata makovu kwa mpangilio uleule alionionyesha fundi.

"Njo yenyewe," akasema. Machozi yakamtoka.

Lazima nimtendee haki: wakati ule hakuwa akidanganya. Aliona kitu chake.

Nilimwambia afisa kwamba besi ile ni nakala, kwamba makovu yale yamenakiliwa kwa mkono. Afisa alinitazama kama mtu anayesikiliza mlevi mwenye adabu. "Gitare inaweza kuwa na pacha?" akauliza. Askari wake wakacheka. "Leta ule fundi. Tutafunga ghala jioni."

Nilikwenda Kampemba nikikimbia, katika umri ambao mtu hakimbii barabarani bila watu kudhani kuna msiba. Fundi alikuwa akipiga randa ubao wa jeneza. Nilimweleza. Hakuacha kupiga randa.

"Siwezi," akasema.

"Mukubwa, ni kusema maneno mawili tu. Weye ulitengeneza, basi."

"Nitasema niliikopia. Bataniuliza: ile ingine ulikuwa nayo wapi? Mbele ya pilaje ao kisha ya pilaje? Nitajibu nini?"

"Mbele. Ni kweli."

"Weye unajua ni kweli. Beye beko na bunduki. Batakuja kutafuta ile ya kweli hapa kwangu, na basipoiona, batabeba vyombo vyangu vyote. Batanibeba na miye." Akapuliza unga wa mbao. "Nitakutengenezea ingine. Bule. Lakini kule, siendi."

Nilimwelewa. Hilo halikupunguza hasira yangu. Liliizidisha, kwa sababu mtu ambaye sababu zake unazielewa hakuachii mahali pa kumtukania. Niligeuka niondoke. Akaniita.

"Muteknisien. Ule patron... alilia kweli?"

"Alilia."

"Hakuona tofauti? Ata kwa ile ya sigara?"

"Hakuona."

Akainamia ubao wake haraka, lakini nilikuwa nimeshauona uso wake. Alikuwa akitabasamu. Alijaribu kuzuia, midomo ikamkatalia. Mimi nilikuwa ninapoteza chakula cha watoto wangu, yeye alikuwa anapokea cheti chake. Sijawahi kumpiga mtu. Siku ile nilishika mlango wa karakana yake kwa mikono miwili na kungoja mpaka hamu ikaisha, kisha nikachukua bisibisi kutoka kwenye benchi lake bila kuomba, nikarudi ghalani.

Mwenye baa alikuwa bado pale. Afisa alikuwa akimwandikia vitu vyake. Niliomba ruhusa ya kuifungua besi mbele yao. Nadhani afisa alikubali kwa sababu siku ilikuwa ndefu na alitaka mchezo. Niliiweka mezani, nikawaonyesha kwanza vyuma vya shingo: besi iliyopigwa miaka mingi ina mifereji chini ya kila uzi, na hapa hakuna hata mmoja. Fundi alizeesha kila kinachoonekana, lakini vyuma aliviacha vipya, maana vikiliwa sauti inaharibika. Kisha nikafungua skrubu na kuitenga shingo na mwili. Pale vilipokutana, ambapo vanishi wala moshi havikufika, mti ulikuwa wazi, mwekundu, na alama za penseli za fundi zilikuwa bado zimekoza.

"Harufu," nikamwambia mwenye baa. "Nusa, patron."

Afisa alikuwa mtu wa mkoa wa mbali. Kwake mti ni mti. Lakini mwenye baa malori yake yalikuwa yamebeba mulombwa kutoka Kasomeno miaka yote. Alikuwa ameuza mbao zake, labda alikuwa amelala juu yake tangu alipooa. Aliinama, akanusa. Akabaki ameinama muda mrefu kuliko kunusa kunavyohitaji. Alipoinuka, machozi yalikuwa yamekauka na uso wake ulikuwa wa mtu wa dukani.

Afisa akauliza: "Patron, iko yako ao hapana?"

"Iko yangu," akasema.

Nilimfuata mpaka nje, kwenye lori lake, alipokuwa akipanga vitu.

"Patron, unajua huu muti."

"Najua."

"Ulaya hakuna mulombwa."

"Hakuna."

"Basi?"

Akaniangalia bila aibu yoyote, na hata bila ubaya. "Ndugu, yangu baliibeba. Nani atanirudishia? Weye? Ule afisa? Yangu iko mu nyumba ya muntu fulani leo, anaiangalia tu, ata hajue kuipiga. Hii iko na sura ya yangu. Na sura ile, weye na fundi wako muliibeba bila kuniuliza."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, na njiani kurudi nyumbani niliyatoa yote kwa sauti, watu wakinipisha. Kwamba kovu si mali. Kwamba mimi nilitoa baiskeli, yeye hakutoa hata nauli. Kwamba aliyemwibia ana kofia ya jeshi na ameketi kwenye kiti cha magurudumu, na yeye amempa asante. Aliogopa kudai kwa mwenye bunduki, akaja kudai kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuja na bisibisi. Hivyo ndivyo mji wetu ulivyoporwa mara ya pili, mchana, kwa utulivu, na safari hii hakuna aliyekimbia.

Haikupita muda, mwenye baa alituma mtu nyumbani. Alikuwa akifungua tena, orkestra ilikuwa imerudi isipokuwa mpigaji wa besi, aliyekuwa amehama mji. Aliuliza kama ningependa kupiga kila Jumamosi. Chombo, mjumbe alisema, kipo.

Nilimfukuza mjumbe. Mke wangu alikuwa akipepeta mahindi. Alingoja mpaka mtu yule akafika mbali.

"Baba ya batoto," akasema, "hasira yako, nitaipika na sombe?"

"Ni besi yangu, mama. Nikaipige kama mufanyakazi?"

"Niko najua iko yako. Lakini kukaa hapa mukono tupu kutairudisha?"

Nilikwenda. Besi ilikuwa kwenye jukwaa, imesimamishwa kwenye stendi yake, imefutwa vumbi. Mtu alikuwa ameshaibadilishia nyuzi. Niliitia mkononi na ilinikaa kama ilivyonikaa siku zote, na jambo hilo lilinikasirisha kuliko yote, kwamba mbao haziwezi hata kukataa.

Baa ilijaa. Kabla ya wimbo wa kwanza mwenye baa alipanda jukwaani, akashika mikrofoni, akanyoosha kidole, si kwangu, bali kwa kilicho kifuani kwangu. "Hii besi munaijua! Bamwizi baliibeba, Mungu akairudisha!" Watu wakapiga meza kwa chupa. Akateremka. Mikrofoni ilikuwa mbele yangu.

"Hii besi iko yangu," nikasema. "Ilitengenezwa hapa Kampemba, na muti wa Kasomeno. Haijamaliza ata mwaka."

Baa nzima ikalipuka kwa kicheko. "Papa wa besi, wacha bongo, unatudanganya!" mtu akapiga kelele. "Na miye ile lori yake iko yangu!" mwingine akaitikia, wakacheka zaidi. Mwenye baa alicheka kuliko wote, akaagiza niletewe chupa ya bia. Meza ya pembeni, karibu na mlango, alikaa fundi. Sikujua kwamba alikuwa amekuja. Yeye hakucheka. Hakusimama pia. Alikuwa akiitazama besi, sehemu ya sigara, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

Mpiga ngoma akahesabu. Nilianza kupiga, kwa nguvu kuliko wimbo ulivyohitaji, mpaka mpiga solo, kijana mwenye adabu, akanisogelea bila kuacha kupiga.

"Polepole, papa," akaninong'oneza. "Utakata nyuzi."

"Zikatike," nikamwambia. "Ziko za patron."